Unga wa Mlimani

Kazi ya mpwa wangu ilikuwa kutembea nyuma ya wengine. Katika misafara ya milimani kule Japani, ambako wageni huongozwa kupanda na kuteremka juu ya theluji isiyokanyagwa na mtu, kiongozi hutangulia, wageni hufuata kwa mstari mmoja, na mtu mwenye nguvu na subira huwekwa mwisho, ili aliyeanguka ainuliwe, kilichodondoka kiokotwe, na asiachwe yeyote. Mtu huyo wa mwisho alikuwa kijana wa Ifakara, mtoto wa dada yangu mdogo, ambaye hakuwa ameiona theluji mpaka alipokuwa mtu mzima wa kuoa.

Alifika huko kwa njia ya mpunga. Mjapani mmoja, mtaalamu wa kilimo, aliwahi kuishi kwetu miaka kadhaa akiwafundisha wakulima wa vijiji vya kati ya Mbingu na Mngeta kupandikiza miche kwa mistari iliyonyooka. Mpwa wangu alimwendeshea gari, na pale wazee waliposhindwa na Kiswahili cha mgeni, aliwatafsiria kwa Kipogoro na Kindamba. Mjapani alikuwa mtu wa kanuni. Alijifunza salamu zetu kama mtu ajifunzavyo sarufi: nani huamkiwa na nani huitika, na baada ya habari za nyumbani hufuata habari zipi. Hakukosea, isipokuwa kwamba aliwaamkia shikamoo hata watu aliowazidi umri, nao wakaona haya kuitikia.

Alipostaafu alirudi katika nyumba ya baba yake, kwenye kijiji cha milimani kilichobakiwa na wazee watupu. Kiangazi alilima mpunga. Majira ya baridi aliongoza wageni. Hatimaye akamwita mpwa wangu, na kabla ya kumwita alinipigia mimi simu, kwa kuwa alijua kwamba kwetu mjomba huombwa.

"Kazi ni ileile, mzee," aliniambia. "Kiangazi tunapandikiza kwa mstari. Baridi ikija tunatembea kwa mstari."

Kila Jumapili baada ya misa, kwetu ikiwa mchana na kwao giza limeshaingia, kijana alipiga simu ya video. Dada yangu aliiegemeza simu kwenye kopo la majani ya chai juu ya meza ya uani, na majirani wakasogeza vigoda. Hivyo, na kwa video alizotutumia akiwa kazini mchana, ndivyo tulivyoijua kazi yake. Alituonyesha skii, yaani zile mbao mbili nyembamba na ndefu zilizopinda mbele, pamoja na ngozi za kubandika chini yake, ambazo manyoya yake huziruhusu mbao kwenda mbele na kuzizuia kurudi nyuma, ili mtu apande mlima bila kuteleza. Kileleni ngozi hubanduliwa na kutiwa kifuani zisigande, na watu huteremka kati ya miti. Alituonyesha pia kifaa kidogo ambacho kila mmoja hukifunga kifuani chini ya koti, chenye kutoa mlio usiosikika kwa sikio, ila kwa kifaa kingine cha aina yake. Nilimuuliza ni cha nini. Akajibu kwamba ni cha kuitana, akageuza simu upande mwingine.

Jioni wageni walilala katika nyumba ya kale ya mbao. Viatu waliviacha mlangoni. Waliketi juu ya mikeka, wakafundishwa kupiga magoti na kupokea bakuli la chai kwa mikono miwili, na kunyamaza wakati wa kunywa. Dada yangu alitaka kujua ni kipi kati ya hayo ambacho Mzungu alilazimika kupanda ndege ili akafundishwe.

"Na hizo mbao, mnazivaa kwa hiari yenu?" aliuliza.

"Kwa hiari, mama. Wageni wanazilipia."

"Wanalipia kuanguka?"

"Wanalipia kuanguka pazuri."

Siku nyingine alitueleza habari za bwawa la maji ya moto yabubujikayo kutoka ardhini, ambamo wageni huketi mpaka shingoni huku theluji ikiwaangukia kichwani.

"Uchi?" aliuliza dada yangu.

"Wanaume kwao, wanawake kwao, mama."

"Nimeuliza, uchi?"

"Uchi, mama. Mimi kazi yangu ni kuwaonyesha jinsi ya kujisugua kabla ya kuingia. Ukiingia na povu mwilini, wale wazee wa kijiji wanakukazia macho mpaka utoke mwenyewe."

"Shule yote ile," alisema jirani mmoja, "kumbe anaogesha Wazungu."

Lakini kilichompendeza dada yangu kuliko vyote kilikuwa kinu. Mwisho wa kila safari wageni hukusanywa uani, kwenye theluji iliyosawazishwa kwa sepetu, hutwanga wali wa kunata katika kinu kikubwa cha mti kwa nyundo ndefu ya mti, kisha huufinyanga madonge na kuula. Mpwa wangu ndiye aliyewafundisha. Tulimwona amelivua koti, mvuke ukimtoka mabegani, akipiga na kuinua kwa mwendo uleule ambao wanawake wa bonde hili hutwangia mpunga, na Wajapani wazee wakimhesabia kwa sauti.

"Nilikupeleka Ulaya ukatwange?" mama yake alimpigia kelele kwenye simu. "Na ushike vizuri! Unatwanga kama mgeni!"

Sikuona haja ya kumsahihisha kwamba Japani si Ulaya.

Sasa niseme habari za neno lenyewe. Wageni wale hawafuati theluji ya aina yoyote. Wanafuata ile inayoanguka ikiwa kavu na nyepesi, ambayo mtu huzama ndani yake mpaka kiunoni bila kuumia, na ambayo katika milima ya kule huanguka kwa wingi usio wa kawaida. Kwa Kiingereza wanaiita kwa neno lilelile tulilolichukua sisi tukalifanya poda. Mpwa wangu, mwenye kupenda kutafsiri kila akigusacho, aliiita unga. "Leo tumepata unga, mama! Unga mpaka hapa!" Na mkono aliuweka kiunoni.

Nilimshauri aseme theluji laini.

"Mjomba," alinijibu, "mimi nateremka mlima. Nikimaliza kusema theluji laini, mlima umekwisha."

"Basi sema poda."

"Poda ni ya watoto wachanga."

Nimefundisha lugha sehemu kubwa ya maisha yangu, Kilatini kwanza, katika seminari, na Kiswahili baadaye, na ninajua kwamba neno halimilikiwi na mwenye kulitamka. Unga, kwa maana ya kwanza, ni kile kinachopatikana kwa kusaga au kutwanga nafaka. Kwa maana ya pili, ambayo kila kijana wa kijiweni anaijua, ni dawa za kulevya. Vijana wa bodaboda waliipokea maana ya pili kwa furaha. "Mama," walimwambia dada yangu akipita sokoni, "mwanao anaogelea unga mpaka kiunoni, hata ametusahau!" Naye akacheka pamoja nao, kwa kuwa wakati ule mwanawe alikuwa hai, na kila Jumapili walimwona usoni.

Simu ya Mjapani ilinijia mchana, nikiwa nimejipumzisha kivulini.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Hujambo?"

"Sijambo. Habari za nyumbani?"

"Nzuri."

"Habari za dada?"

"Mzima."

"Wajukuu?"

"Wazima wote."

"Na mpunga?"

"Miche imeshika."

"Na mvua? Na barabara ya Mlimba?"

Aliuliza yote. Kwetu mtu aliyebeba habari mbaya huamkia, lakini hukata salamu njiani, na katika ule ukataji msikilizaji huanza kuelewa. Mjapani alikuwa ameijua kanuni, asikijue kipimo chake. Kwa hiyo salamu zake zilivyorefuka, ndivyo nilivyozidi kutulia. Na aliponiuliza kama yule jogoo wangu mkali bado yuko, nilicheka kwa sauti.

"Mzee," akasema, "kijana ni mgonjwa."

Hili nalo alijifunza kwetu, na hili alilijifunza sawasawa. Hatumwambii mtu wa mbali kwamba ndugu yake amekufa. Tunasema ni mgonjwa, aje.

"Mgonjwa sana?"

"Sana, mzee."

"Amelazwa wapi?"

Nilisikia akivuta pumzi. "Hatujamwona," alisema.

Alinieleza polepole, akitafuta kila neno. Walikuwa wanavuka ubavu wa mlima mmoja mmoja, kila mtu akimngoja mwenzake afike ng'ambo, kama inavyotakiwa. Wote walikwisha kuvuka. Wa mwisho alipofika katikati, ubavu wote uliachia, ukashuka naye mpaka kwenye korongo la mto, na theluji ikaendelea kuanguka juu ya ile iliyoanguka. Mlima ule ulikuwa tayari kuporomoka tena, na watu wa uokoaji walizuiwa kushuka. Walikaa ukingoni siku kadhaa. Kifaa chake kifuani kiliendelea kuita; wao walikisikia kwenye vifaa vyao siku zile zote wasiweze kukifikia, mpaka betri ikaisha. Hakika ni kwamba alikufa mapema, katika dakika za mwanzo, alisema Mjapani, na aliyasema haya mara mbili. Sasa korongo limejaa, na itabidi kungoja joto.

Habari za kile kifaa sikumwambia dada yangu, wala sijamwambia mpaka leo.

Jioni ya kwanza ua wake ulijaa. Wanawake walilia, wanaume wakawasha moto, mikeka ikatandikwa. Lakini msiba wa kwetu una umbo lake: maiti huletwa, huagwa, huzikwa, na watu hutawanyika wakijua walichokifanya. Msiba huu haukuwa na maiti. Siku ya pili mikeka ilikaliwa nusu. Siku iliyofuata nilimsikia mtu mmoja, mkulima mwenye heshima zake, akiongea na mwenzake kando ya ua wa matete, upande wa pili wa jiko alilokuwamo dada yangu.

"Alisema mwenyewe. Wageni wanapanda ndege wanafuata unga, yeye anatembea nyuma anawaangalia. Sisi ni watoto?"

"Wanasema ni barafu."

"Barafu gani inaitwa unga? Na mwili uko wapi?"

"Wanasema mpaka joto lije."

"Mwili haurudi, ndugu yangu. Mtu akimeza ule mzigo ukampasukia ndani, wenyewe wanamchana tumbo, wanachukua mali yao. Wakurudishie nini?"

Nilipoingia jikoni, dada yangu alikuwa akikoroga chungu ambacho ndani yake mlikuwa na maji tu.

Padri alimsomea marehemu misa, na hapakuwa na tatizo. Tatizo lilikuwa jumuiya, yaani zile nyumba za jirani zinazosali pamoja kila wiki, ambazo ndizo hasa zinazomzika mtu: ndizo zinazopika, zinazochimba kaburi, zinazolala msibani. Mwenyekiti wake alikuwa mama mpika vitumbua, mwanamke mnyoofu, asiye na kinyongo na mtu. Aliniita pembeni.

"Mwalimu, hatukatai kusali," aliniambia. "Tutakaa mwili ukija."

"Na usipokuja?"

"Tunaombwa tukae tukimlilia mtu ambaye hatujui kimemuua nini. Watoto wetu wanatutazama. Hapa mtaani wangapi wamekwisha kwa huo unga?"

Ni kweli kwamba mtaani kwetu walikuwapo. Mmoja alikuwa mtoto wa kaka yake mwenyekiti mwenyewe.

Niliomba nafasi niwaeleze wote, na nikapewa, baada ya rozari. Nilijiandaa kama nilivyokuwa nikijiandaa kwa darasa. Nilianza na mvuke, nikapanda mpaka kwenye wingu, nikafika kwenye baridi ambayo huyafanya maji yaanguke yakiwa vipande vidogo vikavu badala ya matone. Walinisikiliza kwa adabu.

"Mwalimu," alisema mwenyekiti, "barafu tunaijua. Watoto wanainunua kwenye vifuko. Ni ngumu, ukimpiga nayo mtu kichwani atavimba. Hiyo ya kumfunika mtu mzima kama pumba ndiyo hatujaiona."

"Hiyo si barafu, mama. Ni theluji."

"Kama ya Kilimanjaro?"

"Kama hiyo."

"Mbona ile imetulia kule juu? Imemfukuza nani?"

"Na ile hawaiti unga," ilisema sauti nyuma.

"Hii ni laini zaidi," nilisema. "Ni laini kama..." Nikasita, kwa kuwa neno lililokuja mdomoni lilikuwa lilelile.

"Kama nini, Mwalimu?"

"Kama majivu."

"Haya," ilisema ile sauti ya nyuma. "Sasa imekuwa majivu."

Hawakucheka. Nilikaa. Katika Kipogoro nilichokisikia kwa mama yangu, aliyetoka upande wa Mahenge ambako ndiko kwenye baridi kuliko huku bondeni, sikumbuki neno lolote la kitu hiki. Na katika Kiswahili, ambacho neno kinalo, neno hilo halikuwa na kitu nyuma yake kwa wale waliokuwa mbele yangu.

Mvua ziliendelea na kazi ya shamba haikungoja. Nilimfuata dada yangu mashambani siku moja, nikamkuta anapandikiza peke yake, maji yakimfika karibu na magoti, kwa mistari ileile iliyonyooka. Kwa kawaida jumuiya ilimsaidia siku moja naye akawasaidia nyingine. Hakuinua kichwa.

"Kaka, wewe umesoma. Niambie neno moja tu. Walimchana?"

"Hakuna aliyemchana."

"Umemwona?"

"Sijamwona."

"Basi hujui." Alichomeka mche, akasogea, akachomeka mwingine. "Alikuwa ananiambia unga, unga, na mimi nacheka. Labda alikuwa ananiambia kweli. Mtoto humwambia mama yake kweli kwa kucheka."

Nilimwambia kwamba tulimwona milimani kwa macho yetu, kwenye simu.

"Tulimwona mchana wake. Kazi zao hizo zinafanyika mchana?" Ndipo akanyooka, akanitazama. "Aje. Hivyo hivyo alivyo, aje. Nitalifunua tumbo lake mwenyewe. Nikiliona zima nitamzika, na watakaa kwenye mikeka yangu wote. Nikiliona limechanwa, tutamzika mimi na wewe."

Kuanzia siku ile nililijua jambo lililokuwa likingojwa, na lilikuwa zito kuliko mwili.

Mjapani alipopiga tena, mafuriko yalikuwa yameshafunika mashamba ya kando ya mto. Hakuniamkia.

"Mzee, tumempata," alisema, na hapo nikajua kwamba amekijua kipimo.

Kisha akaniuliza jambo moja, kwa woga. Kwao wafu huchomwa, halafu ndugu huokota mifupa kwa vijiti, wakisaidiana wawili wawili. Wazee wa kijiji, wale waliokuwa wakimhesabia mpwa wangu kwenye kinu, walikuwa wameomba wasimame mahali pa ndugu. Wangefanya kwa heshima zote. Nilimfikishia dada yangu maneno haya kama yalivyo.

"Mwambie nimewashukuru," alisema. "Na mwambie mwanangu si kuni."

Mjapani alimleta mwenyewe. Jeneza lilishushwa Dar es Salaam, likaja kwa gari katika mvua, likafika jioni na kulazwa kwenye chumba cha baridi cha hospitali ya mjini. Asubuhi tulikwenda kulifungua. Walikuja watu wengi, wengi kuliko niliowaona tangu siku ile ya kwanza. Na nadhani siwakosei nikisema kwamba wengi wao hawakuja kwa ajili ya kulia. Mwenyekiti wa jumuiya alikuja, akasimama mbali kidogo, kanga ameikusanya kifuani.

Ndani ya jeneza la mbao kulikuwa na sanduku la bati lililochomelewa pande zote. Mhudumu alilikata kwa mkasi wa bati, taratibu, na sauti ile kila mtu aliivumilia kivyake. Kifuniko kilipoinuliwa, hewa ya baridi ilimwagika chini kama moshi unaoshuka badala ya kupanda, na ndani ya bati, kuzunguka vifurushi vya barafu walivyompangia ubavuni, kuta zote zilianza kuota ukoko mweupe.

Watu walirudi nyuma. "Unga huo," alisema mtu mmoja, si kwa sauti kubwa.

Dada yangu hakurudi nyuma. Wanawake wa kile kijiji walikuwa wamemvisha mwanawe joho jeupe la pamba. Uso wake ulikuwa wake, mzima, umeingia rangi ya kijivu tu, kwa sababu theluji haikuuacha uoze. Mama yake aliutazama muda mrefu, kisha akafungua joho, upande mmoja, halafu mwingine. Mimi nilikuwa nimesimama upande wa kichwani, kama mjomba apasavyo, na niliona alichokiona. Mbavu za upande wa kulia zilikuwa zimebonyea, na bega halikuwa mahali pake. Tumbo lilikuwa zima. Alipitisha kiganja juu yake kutoka juu kwenda chini, kama anavyopapaswa mtoto mwenye homa.

"Hajaguswa," alisema.

Akafunga joho. Kisha akakwangua ule weupe kwenye ukuta wa bati kwa kucha, akautia kiganjani, akaenda nao kwa haraka hadi kwa mwenyekiti wa jumuiya. Alipofika na kufungua mkono, kulikuwa na maji tu. Alirudi, akakwangua tena, na safari hii hakwenda popote.

"Njoo wewe," alimwita. "Wewe unga unaujua. Njoo uushike."

Yule mama mpika vitumbua alikuja. Alichukua kidogo kwa ncha ya kidole, akakisugua na kidole gumba, kama nilivyowahi kumwona akiupima unga wa mchele asubuhi, na uso wake ukabadilika.

"Unayeyuka," alisema.

"Ni maji," alisema dada yangu. "Aliyokuwa anayaita unga ni haya. Ni maji yaliyomuua."

Mwenyekiti aliketi chini palepale, kwenye sakafu ya saruji yenye maji, akaanza kulia kwa sauti, na wanawake wengine wakampokea.

Kile walichokishika hakikuwa theluji. Kwa Kiswahili sanifu huitwa jalidi, au sakitu. Wala hakikutoka Japani, bali ni unyevu wa hewa ya Ifakara ulioganda kwenye bati baridi katika chumba chetu wenyewe cha kuhifadhia maiti. Nililijua jambo hili nikiwa nimesimama pale. Mjapani alilijua pia. Tulitazamana juu ya jeneza, naye akainamisha kichwa. Sikulisema.

Tulimzika siku hiyohiyo, mvua ikinyesha. Katika majira hayo ardhi ya kwetu hujaa, na kaburi likichimbwa hutoa maji kwa chini. Vijana walichota kwa ndoo, maji yakarudi, wakachota tena. Jeneza liliposhushwa lilielea, na ilibidi wanaume walikandamize kwa miti huku wengine wakitupa udongo. Dada yangu alitazama.

"Maji tena," alisema.

Mjapani aliinama mbele ya kaburi mpaka wengine wakaanza kuona haya, suruali yake ikiwa na tope hadi magotini. Hakuna aliyemlaumu, wala yeye hakujitetea. Alilala msibani pamoja na wanaume, juu ya mkeka, na mikeka yote ilikuwa imejaa. Siku zilizofuata jumuiya ilikwenda yote shambani kwa dada yangu ikampandikizia sehemu iliyobaki, ingawa msimu ulikuwa umepita na wote walijua kwamba mpunga ule hautazaa kitu.

Tulipokuwa tukirudi kutoka makaburini nilimsikia kijana mmoja wa bodaboda, nyuma yangu, akimnong'oneza mwenzake: "Hata ule mwingine ukitia maji unayeyuka." Mwenzake alimwambia anyamaze. Dada yangu alikuwa mbele, na nadhani hakusikia.

Tangu hapo, katika mtaa wetu, watu hawalitamki neno unga mbele yake. Mtoto akitumwa dukani dada yangu akiwapo, huambiwa alete dona, hata kama kinachotakiwa ni sembe. Na sembe nalo halitajwi, kwa kuwa kijiweni limeingia katika maana ileile. Hakuna aliyeitunga kanuni hii, na hata watoto wanaifuata. Yeye ameiona, na haisemi.

Juzi nilikuwa naye dukani. Muuzaji alimwamkia, akamuuliza ampe nini.

"Unga," alisema dada yangu, kwa sauti ya kawaida.

Watu waliokuwa kwenye benchi waligeukia barabarani. Muuzaji aliangalia mizani.

"Unga gani, mama?" aliuliza, kama anavyomuuliza kila mteja, na nilimwona akitamani kuyarudisha maneno.

"Wa kula," alisema dada yangu, akafungua mfuko.